Dasturi: Mti Unaotangulia Chombo

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Newala alinisimulia kisa kilichomfika darasani. Siku hiyo alikuwa akiwafundisha watoto methali ya wahenga isemayo kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Akawaeleza kuwa tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni kule chini ndani ya chombo ambako maji hukusanyika na kutekwa. Watoto wakaandika. Kisha akawaonyesha picha ya jahazi iliyokuwa katika kitabu, ili waione omo kwa macho yao. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, na ule mti unaotokeza mbele ya omo, unaolala juu ya maji, unaitwaje? Na kazi yake ni nini, maana haukubeba kitu?"

Mwalimu hakuwa na jawabu. Hakuona haya kuniambia hivyo, na mimi nasema hakuwa na sababu ya kuona haya. Newala iko juu ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kimo cha mita zipatazo 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mtu akisimama pale ukingoni huliona bonde la Mto Ruvuma limetandazwa chini yake, na ng'ambo huiona nchi ya Msumbiji. Bahari haioni. Iko mbali upande wa mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Masasi iko mbali zaidi, chini ya uwanda huo upande wa magharibi, kati ya vilima vyake vya mawe makubwa. Mtoto wa huko aweza kumaliza shule bila kuona tanga, na huku lugha anayosomeshwa imejaa maneno ya tanga na upepo.

Swali la msichana yule nililichukua mpaka Mikindani, nikalipeleka kwa mzee mmoja ambaye amekuwa nahodha tangu ujana wake. Makala haya ni jawabu nililolipata, pamoja na yale niliyoyajua kabla. Nayaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa visiwani, ambao huenda wengi wao wanaujua mti huo tangu utoto, na kwa ajili ya viongozi na maofisa wa Serikali, ambao wengi wao huuona mti huo kila siku gatini bila kuuliza kazi yake.

JINA LA MTI

Mti huo una majina mawili katika Kiswahili. Mabaharia huuita dasturi, na wengine husema desturi. Jina la pili ni mlingoti wa maji, nalo ni jina zuri, kwa kuwa milingoti mingine ya chombo husimama kuelekea mbinguni, bali huu umelala, ukielekea mbele juu ya maji. Mabaharia wa Ghuba nao huuita kwa jina lililo karibu sana na hilo la kwanza, na si ajabu, kwani kwa karne nyingi vyombo vya Ghuba na vya pwani yetu vimekutana katika bandari zile zile.

Kuna jambo moja katika historia ya neno hili ambalo watu wa Masasi wanastahili kulijua. Mtu aliyeliandika mapema katika kitabu cha lugha yetu alikuwa Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. Humo aliandika kwamba desturi ni mazoea ya watu, na tena ni mti wa mbele ya chombo unaochukua pembe ya mbele ya tanga. Miaka 6 baadaye, mwaka 1876, mtu huyo huyo aliongoza kundi la watu zaidi ya 50, wanaume na wanawake waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani, wakavuka bahari kutoka Unguja mpaka Lindi, kisha wakapanda bara kwa miguu. Wengi wao asili yao ilikuwa nchi za ndani za kusini, na walikuwa wanatafuta njia ya kurudi upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakajenga hapo. Hivyo basi, miongoni mwa watu wa mwanzo kujenga mji ule walikuwapo watu waliokwisha kuvuka bahari mara mbili: mara ya kwanza wakiwa bidhaa, mara ya pili wakiwa watu huru. Haielekei kuwa hao hawakuijua dasturi. Neno hilo si geni Masasi. Limesahauliwa tu.

KAZI YAKE KATIKA JAHAZI

Sasa na tulijibu swali la pili la mtoto: mti huu una kazi gani, madhali haubebi shehena, wala hakai mtu juu yake?

Yafaa kwanza tulitazame tanga lenyewe. Jahazi la pwani yetu lina tanga kubwa lililofungwa katika foromali, yaani ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa mshazari, ncha moja ikishuka mbele na nyingine ikipaa nyuma. Pembe ya nyuma ya tanga huvutwa kwa kamba iitwayo demani. Kwa kamba hiyo nahodha hulikaza tanga au kulilegeza. Pembe ya chini ya mbele huitwa joshi, na wengine husema goshi. Pembe hiyo ndiyo inayofungwa katika dasturi. Upande wa chombo unaopokea upepo huitwa upande wa joshini, na ule wa pili upande wa demani. Kwa hiyo baharia anapotaja upande wa upepo, huutaja kwa jina la pembe ile iliyofungwa katika mti huu.

Mwenye kutaka kuelewa na achukue kanga, aishike kwa pembe zake mahali penye upepo. Akiishika kwa ulegevu, ukingo unaokutana na upepo kwanza utapigapiga, na kitambaa kitajaa kama mfuko. Akiuvuta ukingo ule mbele na kuukaza, kitambaa hutulia, kikawa na mkunjo mwembamba, na upepo hupita juu yake kwa ulaini pande zote mbili. Tanga ni vivyo hivyo. Chombo kinachokwenda na upepo nyuma yake hakihitaji hayo, kwani hata tanga lililojaa kama mfuko hukisukuma. Lakini chombo kinachotaka kuukaribia upepo, kwenda upande ambao upepo unatoka, lazima tanga lake likazwe sana mbele. Omo peke yake haitoshi, kwa maana tanga ni kubwa kuliko chombo. Ndiyo sababu mafundi waliiongeza omo kwa mti.

Iko kazi ya pili. Kila chombo kina mahali fulani katikati ya mwili wake ambapo kinazungukia, kama mlango unavyozunguka katika bawaba. Upepo ukilipiga tanga zaidi nyuma ya mahali hapo, tezi husukumwa na omo hugeukia upepo kwa nguvu. Mshika usukani hana budi kuupinda usukani muda wote ili kukizuia, na usukani uliopindwa ni kama breki: hupunguza mwendo na humchosha mtu. Dasturi huichukua sehemu ya tanga mbele zaidi, nguvu za upepo zikagawanyika mbele na nyuma ya ile bawaba, na chombo kikatulia. Mzee wa Mikindani alinieleza jambo hilo kwa maneno machache. Nilipomwamkia na kumwuliza, aliitikia, akasema: "Mwanangu, chombo chenye dasturi nzuri nakishika kwa vidole viwili. Kisichokuwa nayo nakishika kwa mikono miwili na kifua."

KUBISHA NI KUPANDA MLIMA

Hakuna chombo cha tanga duniani kinachoweza kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Chombo kinachotaka kufika mahali ambapo upepo unatoka hukata pembe kulia, kisha hukata pembe kushoto, mpaka kifike. Mwendo huo mabaharia huuita kubisha.

Watu wa Newala hawana haja ya kwenda baharini ili kuuelewa. Kwa vizazi vingi uwanda wa Makonde haukuwa na maji juu yake, kwa kuwa udongo wake wa mchanga hunywa mvua yote. Akina mama walishuka mabondeni kuyafuata maji na kupanda nayo kichwani. Mama mwenye mtungi kichwani hapandi genge moja kwa moja. Hukata njia ya kupinda, huku na huku, na kila pindo humpa kimo kidogo. Barabara zinazopanda uwandani nazo zimejengwa kwa namna hiyo hiyo. Kubisha ni kupanda mlima wa upepo, na dasturi ndiyo inayoamua mapindo yatakuwa mangapi.

Hesabu yake ni hii. Nahodha ambaye chombo chake kinaweza kwenda kwa pembe ya digrii 60 kutoka unakotoka upepo, hutembea kilomita 2 ili kupata kilomita 1 ya safari yake. Chombo kikilegea mpaka digrii 70, kilomita ile moja itamgharimu karibu 3. Kikilegea mpaka digrii 80, itamgharimu karibu 6, na hapo bado hatujahesabu mkondo wa maji na mawimbi yanayomrudisha nyuma. Ukweli ni kwamba mtu huyo hasafiri tena. Anazungukazunguka mpaka maji ya kunywa yamwishie. Tofauti ya digrii 10 au 20, ambayo mtu wa nchi kavu haioni kwa macho, baharini yaweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika. Mti ule mwembamba ni mmoja wa vitu vinavyoilinda tofauti hiyo.

Ndugu msomaji atauliza: mbona wazee wetu walisafiri kwa misimu, wakashuka kusini kwa kaskazi na kupanda kaskazini kwa kusi? Ni kweli. Majahazi makubwa ya safari za mbali yaliungojea msimu. Lakini mvuvi hawezi kungoja miezi 6 ili arudi nyumbani, wala mchukuzi wa mtama, ufuta au chumvi kutoka Lindi kwenda Sudi na Mikindani. Huyo hutoka leo na kurudi kesho kutwa, kwa upepo wowote Mungu atakaoleta. Uchumi wa pwani ya kusini ulishikiliwa na vyombo vidogo vya namna hiyo. Sandarusi na mpira wa porini uliotoka bara, katika karne ya 19, ulishuka kwa vichwa vya wapagazi mpaka Lindi na Mikindani, na kutoka hapo ulichukuliwa kwa matanga. Hata misafara ya watumwa iliyopita nchi hizo iliishia katika vyombo vya namna hiyo hiyo. Dasturi haichagui shehena. Imechukua mema na mabaya, kama inavyochukua kila chombo kilichowahi kuundwa na mwanadamu.

MERIKEBU ZA NG'AMBO

Merikebu za Ulaya nazo zilikuwa na mti huo, na kwa hakika ulikuwa mkubwa sana kuliko wetu. Kazi yake huko ilikuwa na uzito mwingine. Merikebu zile zilikuwa na milingoti mitatu mirefu yenye matanga mengi, na mlingoti wa mbele ulihitaji kuzuiwa usianguke nyuma. Kamba nene zilishuka kutoka juu ya mlingoti huo mpaka kwenye mti wa omo, na katika kamba hizo hizo yalitundikwa matanga ya pembe tatu yaliyosaidia kuigeuza merikebu. Kwa kuwa kamba hizo ziliuvuta mti juu kwa nguvu, ilibidi mti wenyewe ufungwe chini kwa mnyororo au kamba imara, kutoka nchani mpaka kwenye omo karibu na maji. Nahodha aliyeuvunja mti huo katika dhoruba alijua kwamba mlingoti wa mbele u hatarini kuufuata, na ya pili nayo haiko salama, kwani ilifungamana. Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama walikuwa na vyombo vya aina hiyo, na katika karne hizo ilikuwa kawaida kutundika hata tanga dogo la mraba chini ya mti wenyewe, karibu kuligusa wimbi.

Si kila kitokezacho mbele ya chombo ni dasturi, hata hivyo. Mtepe, kile chombo cha kale cha pwani ya Lamu kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, kilikuwa na omo ndefu iliyochongwa kama shingo na kichwa, ikapambwa. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba, nalo halikuwa na pembe ya kufungwa huko mbele. Shingo ile ilikuwa uzuri wa chombo na fahari ya wenyewe. Dasturi haina mapambo. Ukiiona imepambwa, jua kwamba pambo limeongezwa juu ya kazi.

MTI GANI UNAFAA

Watu wa uwandani ni mafundi wa miti, na jina la Makonde limejulikana ulimwenguni kwa vinyago vya mpingo. Basi huenda mtu akafikiri kwamba mti ulio bora kuliko yote wa kusini ungefaa kuwa dasturi. Haufai. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukitupwa baharini huzama. Tena hukua kwa kupindapinda, na ni shida kupata kipande kirefu kilichonyoka. Mti wa dasturi hutakiwa uwe mrefu, ulionyoka, usio na vifundo, mwepesi kiasi cha kutokiinamisha chombo mbele, na wenye kunepa kidogo bila kuvunjika pindi upepo unapopiga ghafla. Ndiyo maana pwani watu wengi hutumia mvinje kwa milingoti na foromali, mti unaoota mchangani na kusimama wima. Kwa mbao za mwili wa chombo, miti ya bara kama mvule, mninga na mkongo ina sifa yake.

Kufungwa kwake ni elimu nyingine. Katika vyombo vyetu vingi dasturi haipigiliwi misumari ikawa kitu kimoja na omo. Mkia wake huingia ndani ya chombo na kufungwa kwa kamba, na shingo yake hufungwa katika kichwa cha omo. Ikivunjika, hubadilishwa kwa mti mwingine bila kuivunja omo. Chombo kikiingia bandarini penye msongamano, yaweza kulegezwa na kuvutwa ndani. Wazee walikwisha kulifikiria tatizo la gati jembamba kabla gati lenyewe halijajengwa.

MSUMENO NA MASHINE

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Mzee wa Mikindani alinionyesha mashua iliyovutwa ufukweni, ikiwa na mashine nyuma. Mbele, pale ambapo dasturi ingetokeza, palikuwa na kisiki kilichokatwa kwa msumeno. Nikamwuliza sababu. Akasema kwamba mwenyewe alipopata mashine aliuona mti ule ni udhia: unagonga vyombo vya jirani na unawazuia wachukuzi. Tanga hakulitupa, alilikunja akaliweka chini, akisema litamfaa siku ya taabu.

Siku ya taabu ilifika katika mwezi wa Julai, kusi likivuma kwa nguvu. Mashua ilikuwa imetoka Lindi ikielekea Mikindani, na mbele ya Sudi mashine ikazimika. Walilitoa tanga, wakaifunga joshi katika kisiki. Tanga lilipanda, lakini lilijaa kama mfuko na kupigapiga, na mashua ikawa inageuka upande wasioutaka. Walijaribu kubisha kuelekea pwani ya Sudi waliyokuwa wakiiona kwa macho, na kila walipogeuza walijikuta wako kaskazini zaidi ya walipoanza. Mwishowe waliacha kushindana, wakaigeuzia upepo tezi, wakapelekwa. Kesho yake waliingia pwani ya Mchinga, ng'ambo ya pili ya Lindi, wakiwa wazima, wenye kiu, na unga wao umelowa. "Mungu aliwahurumia," alisema mzee. "Lakini hawakwenda walikotaka. Walikwenda ulikotaka upepo."

Simlaumu mwenye mashua. Mashine ni neema, na hakuna mtu mwenye akili atakayewataka wavuvi wetu waiache. Mashine imewarudisha wengi nyumbani kabla ya dhoruba, na imewafikisha wagonjwa hospitali. Kosa si kuipata mashine. Kosa ni kuukata mti kwa kudhani kwamba kitu kisichofanya kazi leo hakina kazi. Mashine hutaka mafuta, hutaka vipuri, hutaka fundi, na mara nyingi vitu hivyo viko mbali na mahali inapoharibikia. Upepo hauna duka. Chombo chenye mashine na tanga kamili kina njia mbili za kurudi. Chombo chenye mashine na tanga lisilo na dasturi kina njia moja na nusu, na ile nusu ni ya kwendea mbali na nyumbani.

WITO KWETU SOTE

Kwa maofisa wanaokagua vyombo vidogo, Bara na Visiwani, nina ombi dogo lisilohitaji fedha nyingi. Mkaguzi anapokihesabu chombo chenye mashine, akiuliza majaketi ya kuokolea, taa na nanga, na aulize pia: tanga liko wapi, na joshi yake itafungwa wapi? Jibu likiwa ni kisiki, na amshauri mwenye chombo aweke dasturi ya kufungwa kwa kamba, inayoweza kuvutwa ndani bandarini. Mti mmoja wa mvinje na pima chache za kamba ni gharama ndogo ukiupima na maisha ya mabaharia sita.

Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ninyi bado mnao mafundi. Nungwi na Chole ni majina yanayojulikana kwa uundaji wa vyombo. Mafundi hao wana maneno mengi zaidi ya haya machache niliyoyataja, na kila neno ni kifaa: anayelijua hukiona kitu, na asiyelijua hukipita. Vijana wanaojua kusoma na kuandika na wakae na wazee hao wakiwa kazini, waandike jina la kila mti na kila kamba, na kazi yake. Jina bila kazi ni nusu ya elimu. Steere aliliandika neno hili kwa kuwa alikaa na watu wa Unguja akawasikiliza. Ikiwa mgeni aliweza kufanya hivyo mwaka 1870, sisi wenyewe tuna udhuru gani?

Na kwa walimu wa Masasi na Newala, msione kwamba maneno ya bahari si yenu. Bandari ya maji marefu ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954, ndiyo mlango wa korosho za uwanda wenu mpaka leo. Korosho ile ikisha kushuka mlima huingia melini, na bei yake hutoka ng'ambo. Wazazi wa wazazi wenu walishuka njia hiyo hiyo na sandarusi kichwani. Mtoto wa uwandani anayejua kwa nini chombo hukata pembe ili kuukaribia upepo, amejifunza hesabu, sayansi na historia ya kwao katika somo moja.

Mzee wa Mikindani aliniuliza, nilipokuwa naaga, ni nani aliyenituma na swali lile. Nikamwambia ni msichana wa shule huko Newala ambaye hajaiona bahari. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Akasema: "Mwambie hivi. Mti ule haubebi kitu kwa kuwa umeshika kitu. Umeshika pembe ya tanga, usiiachie."

Nimempelekea mwalimu jawabu hilo kwa barua, pamoja na mchoro wa jahazi wenye majina yote: omo, tezi, mlingoti, foromali, demani, joshi na dasturi. Ameniandikia kwamba mchoro huo sasa umebandikwa ukutani, na kwamba msichana yule ameuliza swali jingine: upepo ukikoma kabisa, nahodha hufanya nini? Hilo nalo nitalipeleka Mikindani.